Anasoma silabi zote ila hadithi haielewi, je nimkataze bibi yake kuongea Kinyakyusa?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Uyole hapa Mbeya, nalifupisha. Binti yake ana miaka mitano na miezi kidogo, yuko chekechea mwaka wa pili, ba be bi bo bu zote anazo na sentensi fupi anazisoma bila kukwama, ila ukimsimulia hadithi ukamuuliza imehusu nini ananyamaza au anarudia maneno mawili ya mwisho. Nyumbani wanaishi na mama mkwe aliyetoka Tukuyu, yeye na mjukuu wanaongea Kinyakyusa kutwa nzima, mama mwenyewe ni mtu wa Singida na Kinyakyusa hakijui. Ticha kamwambia kilugha ndo kinamchanganya mtoto, bibi aache. "Sasa mwalimu, ni kweli? Na mama mkwe nitaanzaje kumwambia?"

Dada yangu, usimwambie. Naanza na hapo kabla ya mengine yote kwa sababu najua wiki hii unaweza ukaamua, na ukishamnyamazisha bibi kumrudisha ni kazi, mtu mzima akishaambiwa lugha yake inaharibu mtoto anakaa kimya kweli. Huo ushauri wa ticha sio wake peke yake, nimeukuta Mbozi kwa watoto wa Kinyiha, nimeukuta Kilolo kwa Wahehe, Makete kwa Wakinga, unatolewa kwa nia nzuri kabisa na unaumiza watoto. Ntakueleza kwa nini, ila kwanza tuelewane hiyo shida yenyewe ni nini.

Kusoma kuna vitu viwili ndani yake. Cha kwanza ni kugeuza maandishi kuwa sauti, cha pili ni kuielewa ile sauti kama ambavyo ungeielewa mtu akikwambia kwa mdomo. Mwaka 1986 watafiti wawili, Philip Gough na William Tunmer, waliliweka hili kama hesabu ya kuzidisha, yani kutambua maneno mara kuelewa lugha, na uzuri wa kuzidisha ni kwamba upande mmoja ukiwa sifuri jibu ni sifuri hata upande wa pili uwe mia. Sasa Kiswahili chetu kina irabu tano na kinaandikwa kama kinavyotamkwa, mtoto akishashika silabi anasoma karibu kila kitu, mwandikie hata neno lisilokuwepo duniani, mwandikie "mbaluko", atakusomea safi. Kwa hiyo kwetu huo upande wa kwanza unakuja haraka kuliko kwa mtoto anayejifunza kusoma Kiingereza, na hiyo haraka inatudanganya wazazi na walimu, tunasikia sauti inatoka tunasema mtoto anajua kusoma. Mimi ni Mbena wa Njombe, nimeolewa hapa Mbeya, ukinipa kitabu cha nyimbo cha Kinyakyusa pale kanisani nasoma kuanzia juu mpaka chini na wanaonisikia wanadhani naelewa. Siambulii zaidi ya ugonile na ndaga.

Hili lilinikuta darasani nikiwa mwaka wa tatu kufundisha, shule moja huko Mufindi. Nilikuwa na kijana wa miaka sita ambaye nilikuwa namsimamisha kila akija mgeni kwa sababu alikuwa anasoma chati yote. Siku moja akasoma "Baba analima shamba la chai," nami nikamuuliza tu bila kuwaza, nani analima? Akajibu, chai. Nikamuuliza tena, nani analima, akaangalia chini. Na huyo mtoto jamani kazaliwa katikati ya mashamba ya chai, dirishani kwetu chai ndo ilikuwa inaonekana. Nikamwambia mwenzake amuulize kwa Kihehe kuhusu chai ya kwao, basi ikafunguka bomba, akaeleza mama yake anachuma vijani vile vya juu tu vilivyo laini, akaeleza tenga linabebwa mgongoni, akaeleza siku ya mvua wanafanyaje. Mtoto alikuwa na chai yote kichwani. Alikuwa hana daraja la kuivusha kuja kwenye Kiswahili changu, na mimi mwaka mzima nilikuwa namsifia kwa kutamka. Mpaka leo nikisikia mtu anasema kilugha kinamchanganya mtoto namkumbuka yule.

Kwa hiyo kitu cha kwanza naomba ufanye, leo jioni kama unaweza, ni kujua mtoto wako yuko wapi. Weka kitabu pembeni kabisa. Msimulie kwa mdomo, kwa Kiswahili, kahadithi ka sentensi tano sita kuhusu vitu anavyovijua, kuku, mvua, kwenda sokoni Mwanjelwa, afu muulize maswali matatu. Kesho yake bibi amsimulie kahadithi kengine ka saizi ile ile kwa Kinyakyusa, na bibi ndo aulize. Akimjibu bibi vizuri na wewe akakunyamazia, basi mtoto kuelewa anajua, kilichopungua ni maneno ya Kiswahili na mazoea ya kuyatumia, hiyo ni habari njema sana kwa sababu wazo lipo tayari linahitaji jina la pili tu. Akinyamaza kwa wote wawili basi kazi inaanzia chini zaidi, na itaanzia kwa bibi kwa sababu bibi ndo mwenye lugha anayoijua zaidi. Na akijibu wote wawili kwa mdomo ila kwenye kitabu anashindwa, labda nguvu zote zinaishia kwenye kukokota silabi, huyo mpe muda na umsomee wewe.

Sasa kwa nini bibi asiache. Jim Cummins, mtafiti aliyefanya kazi zake nyingi Kanada, aliandika mwaka 1979 kwamba lugha mbili za mtoto hazikai kwenye vyumba viwili vilivyofungwa, kile anachojenga kwenye moja kinasaidia nyingine. Mtoto aliyejifunza kwa Kinyakyusa kwamba jambo moja linasababisha lingine, kwamba mtu anaweza kusema hivi huku moyoni anawaza vile, kwamba hadithi ina mwanzo na ina shida na shida inatatuliwa, hajifunzi hayo upya akija Kiswahili. Ila mimi sababu yangu kubwa ni ile ninayoiona majumbani. Bibi akiwa kwenye Kinyakyusa anaongea vyote, ndizi ya aina hii inafaa kwa hiki na ile kwa kile, nani alimuoa nani, mwaka ule mto ulipojaa ikawaje. Mlazimishe aongee Kiswahili na mjukuu, Kiswahili chake kama ni cha kuombea maji, atabaki na njoo, kaa, kula, acha, nenda kaoge. Umemtoa mtoto kwenye mazungumzo ukamweka kwenye amri, na amri hata kuku anazielewa. Hata nyie mnaopeleka watoto inglishi midiamu mkaanza kuwasemesha nyumbani Kiingereza cha kuungaunga, hasara ni hiyo hiyo, ongea na mtoto lugha ambayo wewe una maneno mengi.

Wewe upande wako ni Kiswahili, na kisiwe cha amri. Nilikuwa kwa jirani yangu juzi, tunamenya viazi, kabinti kake ka miaka mitano kamekaa kwenye kigoda. Nikachukua kiazi nikakiweka pembeni, nikakauliza, mbona hiki nimekitoa? Kakasema, kimeoza. Umejuaje? Kina alama nyeusi. Nikamwambia ehe, kina doa jeusi, na ukikibonyeza kinabonyea, hebu bonyeza. Akabonyeza. Na hiki? Hakibonyei. Nikauliza, sasa tukikipika kile chenye doa pamoja na hivi vingine itakuwaje? Kimya. Mama yake akataka kujibu nikamshika mkono. Tukamenya viazi kama viwili hivi, ndo kakasema, "Mboga yote itakuwa na harufu, baba atakataa kula."

Angalia pale kilichofanyika. Neno "alama" sikumkosoa, nimeliacha nikampa "doa" juu yake, na "kubonyea" amelipata akiwa na kiazi mkononi kwa hiyo halipotei. Akapata na hako ka "ki" kimeoza, kinabonyea, hakibonyei, bila mtu kumfundisha ngeli. Na swali la mwisho jibu lake halikuwa mbele ya macho, ilibidi alitengeneze kichwani, na kulitengeneza kunachukua muda. Mmarekani mmoja, Mary Budd Rowe, miaka ya 1970 alipima walimu wanasubiri muda gani baada ya kuuliza, akakuta ni kama sekunde moja tu, na waliposubiri tatu au zaidi majibu ya watoto yakawa marefu na yenye kufikiri. Sekunde tatu ukiwa umenyamaza ni ndefu dada, jaribu uone, na mtoto mwenye lugha mbili mwongeze, anatafuta neno kwenye makabati mawili. Huyu wako nina wasiwasi keshajifunza kwamba akinyamaza mtu mzima atajibu mwenyewe.

Hadithi sasa, maana ndo ulipoanzia. Swali la "hadithi imehusu nini" ni gumu hata kwa mtu mzima, usianze nalo. Na yale maswali ya darasani, bibi aliitwa nani, alienda wapi, hayo mtoto anaweza kujibu kwa kukumbuka sauti tu. Tafuta swali ambalo jibu lake halijasemwa. Mfano mchukulie huu: Bibi alifungua mlango wa chumbani. Akaona matope sakafuni, yameanzia mlangoni mpaka kitandani. Akacheka akasema, "Toka huko chini, uji unapoa." Basi, imeisha. Muulize mtoto, bibi aliona nini? Hilo rahisi, atapata moyo. Afu muulize nani yuko chini ya kitanda. Bibi alijuaje? Nje hali ya hewa ikoje? Amekasirika au hajakasirika, umejuaje? Hakuna hata moja lililotajwa, yote yanatoka kwenye matope na kicheko, na mtoto wa huku kwetu matope anayajua vizuri. Huko kuunganisha ndo kuelewa kwenyewe. Akikwama usimpe jibu, rudisha sentensi ya matope, mwambie hebu tuyafuate haya matope yanaenda wapi.

Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake huko Marekani walichukua wazazi wa watoto wa miaka miwili miwili hivi, wakawafundisha kusoma vitabu vya picha kwa mtindo wa kuuliza maswali ya wazi, kulipanua jibu la mtoto na kumwacha yeye awe msimuliaji, kundi lingine wakaendelea kusoma kama kawaida, na kwa mwezi mmoja tu watoto wa kundi la kwanza lugha yao ikawa mbele. Kusoma walisoma wote, kilichobadilika ni nani anaongea. Kwa hiyo kama nyumbani una kitabu kimoja kinatosha, soma hicho hicho mara kumi, mara ya kwanza unasimulia wewe, ya nne mnasimulia wote, ya saba anamsimulia bibi, na hapo utaona mambo, maana bibi atataka asimuliwe kwa Kinyakyusa. Mtoto anayechukua hadithi ya Kiswahili akaigeuza Kinyakyusa kwa bibi hawezi kuwa amekariri, kukariri hakugeuki lugha. Hiyo ni mali mliyonayo ndani ya nyumba na mnataka kuitupa.

Vitendawili msiviache. Kitendawili, tega, nyumba yangu haina mlango, mtoto anasema yai kwa sababu kashasikia, hapo wengi tunaishia. Mwambie akueleze kwa nini yai ni nyumba, nani anaishi humo, akitaka kutoka anafanyaje kama hakuna mlango. Akishindwa kutegua akupe mji, na yeye umpe mji ukishindwa, muanze kusafiri, Makambako, Kyela, Mafinga, huko kuna nini, tunapanda gari gani stendi. Bibi ana vya kwake vya Kinyakyusa ambavyo wewe huvijui, mwombe afundishe nyumba nzima na mtoto awe mkalimani wako.

Kitu kingine ambacho vitabu vya nje havitakwambia kwa sababu ni cha Kiswahili. Lugha yetu inaficha maana kubwa kwenye vipande vidogo katikati ya kitenzi. Mbwa amemfukuza paka, mbwa amefukuzwa na paka, mtoto anayesikiliza nusunusu anasikia mbwa, fukuza, paka, anachagua ile anayoijua kwamba mbwa ndo hufukuza. Chukua magunzi mawili, moja mbwa moja paka, sema sentensi yeye acheze. Paka amelishwa na mtoto, mtoto amelishwa na bibi, bibi anamlisha mtoto, mkicheka ndo vizuri. Fanya hivo hivo na kabla na baada: kabla hujavaa sweta leta kikombe, atavaa sweta kwanza au ataleta kikombe kwanza? Na asubuhi za Juni baridi ya huku inakupa mfano wa bure, usipovaa sweta hutoki, sasa umevaa, kwa hiyo? Mafichoni pia, ficha kifungo umuelekeze kwa maneno bila kidole, kiko nyuma ya ndoo, kati ya ukuta na gunia. Kidole ni adui hapo, tukiwa tunaelekeza na kidole mtoto anafuata kidole na maneno yanapita juu.

Katuni za kwenye simu sitaongea sana. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema watoto wa miaka miwili mpaka minne wasizidi saa moja kwa siku na ikipungua ndo nzuri, wako kapita hapo kidogo lakini sababu ni ile ile, katuni haimsubiri ajibu. Akiangalia kaa naye, izime katikati, muulize huyu sasa atafanya nini.

Ticha wake usigombane naye. Hao watu darasa moja lina watoto kibao na wazazi wenyewe ndo tunawapima kwa silabi, tunafika shuleni tunauliza mwanangu kafika herufi gani, hakuna anayeuliza mwanangu leo kauliza swali gani. Hata kwenye zile KKK tatu, kusoma, kuandika na kuhesabu, K ya kusoma watu wengi wanaisikia kama kutamka. Mwambie tu kwa heshima kwamba nyumbani mmeamua bibi aendelee na Kinyakyusa na wewe unaongeza Kiswahili cha hadithi, na umwombe akiwasimulia watoto amuulize binti yako swali moja la "umejuaje" kwa siku, amsubirie. Moja tu, hatakataa.

La mwisho na hili usilipuuze, masikio. Huku kwetu kwenye baridi mafua hayaishi, na mafua kwa watoto yanaweza kuacha maji nyuma ya ngoma ya sikio, mtoto hasikii maumivu ila anasikia kama mtu aliye ndani ya ndoo. Huyo anashika silabi zinazopigwa kwa sauti kubwa darasani, ila hadithi ya sauti ya kawaida inampita, na sisi tunasema haelewi. Simama nyuma yake asikuone mdomo, akiwa hana kelele karibu, sema kwa sauti ya chini kitu anachokipenda, "biskuti iko mezani." Akigeuka vizuri. Asipogeuka mara mbili tatu, au kama anaongeza sauti ya redio, au aliwahi kutoka usaha sikioni, mpeleke hospitali wamwangalie masikio kabla hujahangaika na mengine yote. Na kwa umri wake, kama hata bibi akimwambia kwa Kinyakyusa vitu viwili kwa pamoja, chukua kile upeleke pale, anafanya kimoja tu au anakodoa macho, au hawezi kukusimulia hata matukio mawili yaliyofuatana ya siku yake, usisubiri akue, nenda naye kliniki uwaeleze hivyo hivyo ulivyonieleza.

Fanya haya kwa wiki sita hivi, afu mrudishie ile hadithi ya matope mwanzo mpaka mwisho. Safari hii usimuulize kitu, mwambie yeye ndo akuulize wewe, uniandikie maswali aliyouliza.